Wayland, Mwingereza aliyechunguza nyufa za bonde la Semliki

Siku isiyo na mawingu, wakaaji wa Beni wanaona Rwenzori upande wa mashariki, ng'ambo ya bonde la mto Semliki. Ni nguvu gani iliyouinua mlima huo hadi mita 5,109 na kulizamisha bonde lililo chini yake? Swali hilo lilimshughulisha kwa miaka mingi Edward James Wayland, mtaalamu wa miamba aliyezaliwa mwaka wa 1888.

Wayland alifika Uganda mwaka wa 1919, baada ya kufanya kazi Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilimpa kazi ya kuanzisha idara ya jiolojia huko Entebbe, naye akaiongoza mpaka mwaka wa 1939. Alichunguza miamba, akakusanya zana za mawe za watu wa kale, na mwaka wa 1925 akatoa ripoti juu ya mafuta yanayochuruzika kandokando ya Ziwa Albert. Wakati ulimpa haki: mwaka wa 2006 Uganda ilithibitisha kwamba ina mafuta ya kutosha kwa biashara.

Lakini kuhusu bonde lenyewe alikosea. Aliona vizuri kwamba limepakana na nyufa kubwa za ardhi. Kisha akasema kwamba pande mbili zinasukumana, zinaukandamiza mlima kwenda juu na bonde kwenda chini. Hakuwa peke yake. Mmarekani Bailey Willis, aliyetembelea Afrika Mashariki mwaka wa 1929, alikubaliana naye. Hata vipimo vya nguvu ya uvutano alivyochukua Edward Bullard miaka ya 1930 vilionekana kumuunga mkono. Upande mwingine alikuwa John Walter Gregory, ambaye vitabu vyake vililipa Bonde la Ufa umaarufu. Yeye alishikilia kwamba bonde ni kipande cha ardhi kilichoanguka kati ya nyufa.

Jibu lilitoka ardhini mwaka wa 1966, mwaka ule ule aliokufa Wayland. Tarehe 20 Machi, kabla ya mapambazuko, tetemeko kubwa lilipiga mpaka wa Kongo na Uganda, kati ya Beni na Bundibugyo. Watu zaidi ya 150 walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Ardhi ilipasuka mpaka juu, upande mmoja ukashuka. Wataalamu waliosoma mawimbi ya tetemeko hilo walikuta kwamba pande mbili zinaachana, hazisukumani. Bonde linapanuka, na sakafu yake inazama polepole.

Mambo hayakuishia hapo. Tarehe 18 Mei, karibu miezi miwili baadaye, ardhi ilitetemeka tena kwa nguvu na kuua watu wengine.

Kwa nini tetemeko huzaa jingine? Fikiria vijana wanne waliobeba gogo begani. Mmoja akiteleza, uzito haupotei, unawaangukia wenzake. Ufa wa ardhi nao ni hivyo. Sehemu moja ikiteleza inapumzika, lakini mzigo unahamia kwenye ncha zake na kwenye nyufa jirani. Pale nyufa mbili zinapokutana, mteleko unaweza kusimama, au unaweza kuvuka na kuendelea kwenye ufa wa pili. Ufa uliokuwa tayari karibu kuteleza unaweza kufuata baada ya dakika, siku au miezi. Nyingine zinapunguziwa mzigo na kutulia. Bado hakuna anayeweza kutaja siku.

Kuzunguka Rwenzori nyufa hizo ni nyingi, na zinaelekea pande tofauti. Mitaa ya Beni imeongezeka sana tangu 1966. Butembo, juu ya milima ya magharibi ya bonde, nayo imekuwa mji mkubwa wenye nyumba za ghorofa.

Baada ya Uganda, Wayland alifanya kazi Bechuanaland, Botswana ya leo. Mwaka wa 1963 madini yaliyogunduliwa Uganda yalipewa jina la waylandaiti kwa heshima yake. Alikosea nguvu, lakini nyufa alizoziandika zipo, na bado zinasogea. Kwa mkaaji wa Beni au Butembo somo ni moja: ardhi ikitetemeka kwa nguvu, usirudi kulala ndani ya nyumba yenye ukuta uliopasuka kwa sababu tu kumetulia. Tetemeko la pili huikuta nyumba ikiwa imekwisha kudhoofika.