Bayume Mohamed Husen: Mtu wa Pwani Aliyetafuta Kazi Berlin

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi mlio madarasani hivi sasa: Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Bila shaka vijana wengi wa Tanga watatafuta kazi huko, hotelini, milangoni mwa viwanja na katika kuongoza wageni. Ni jambo jema. Lakini kabla hawajafunga safari, yafaa wasikie habari za mtu mmoja wa pwani yetu aliyeishi kwa kazi za namna hiyo katika mji uliowahi kupokea michezo ya dunia.

Mtu huyo ni Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari Msudani katika jeshi la Wajerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia, ambavyo wazee wetu walivionja hapa hapa Tanga Novemba 1914, viliwachukua baba na mwana pamoja. Mtoto alikuwa na miaka 10 tu. Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, upande wa kusini, kisha akatekwa na Waingereza.

Baada ya vita alipata kazi ya utumishi katika meli za Kijerumani. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya jeshi ambayo yeye na marehemu baba yake hawakulipwa. Wakubwa walimjibu kuwa amechelewa kudai. Hata hivyo hakurudi. Aliajiriwa kuhudumu mezani katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe. Aidha, alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha mji ule na kuigiza sehemu ndogo ndogo katika filamu. Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner, Mjerumani. Mwezi huo huo Hitler alishika madaraka.

Tazama kazi zake zote. Walichokitaka waajiri hasa ni sura yake, iwakumbushe wateja koloni walilolipoteza. Mtu anayelipwa kwa sura yake hana pa kushika siku sura hiyo inapochukiwa. Mwaka 1935 aliipoteza kazi ya Haus Vaterland. Mwaka huo huo zikapitishwa sheria za ubaguzi za Nuremberg.

Agosti 1936 Berlin ilipokea Michezo ya Olimpiki. Serikali iliondoa kwa muda mabango ya kuwatukana Wayahudi ili wageni wasiyaone. Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alitwaa medali 4 za dhahabu na uwanja ukamshangilia. Wageni walipoondoka, sheria zilibaki pale pale, na Husen alibaki chini yake. Aliendelea kujipatia riziki kwa filamu, na kwa maonyesho ya kuzunguka nchini yaliyoitwa Deutsche Afrika-Schau, mpaka yalipofungwa 1940.

Filamu yake ya mwisho, ya 1941, ilimsifu Carl Peters. Watu wa Pangani na Saadani hawahitaji kuelezwa Peters alikuwa nani, wala ni kwa nini Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mtoto wa pwani hii alilazimika kula mkate kwa kumpamba mtu huyo. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo la kumbukumbu mbele ya nyumba aliyokaa, Brunnenstraße, Berlin.

Ndugu zangu, sisemi kwamba kazi ya kuwahudumia wageni ni ya aibu. Husen aliifanya kwa heshima, na madai yake ya mshahara yalikuwa ya haki. Nasema kwamba shangwe ya mashindano haidumu. Kwa hiyo kijana aulize mapema: mkataba uko wapi, mshahara utalipwa lini, na wageni wakishaondoka nitabaki na ujuzi gani? Madai ya Husen yalikataliwa kwa sababu, waliambiwa, muda umepita. Yetu tuyaandike mapema, tukiwa bado tunahitajiwa.