Dakta Krapf na Maana za Kale za Maneno Yetu

Mtu ashukaye garini Makambako, pale njia ya Njombe na Songea inapoachana na njia kuu ya kwenda Mbeya, huwasikia Wabena, Wahehe, Wakinga na Wasangu wakiuziana viazi na mahindi kwa lugha moja. Kijana akimpisha mzee kiti, huitwa muungwana. Akimtukana, huitwa mshenzi. Maneno hayo tunayatumia kila siku wala hatuulizi yametoka wapi. Lakini katika pwani ya karne ya 19, muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa wa mtu. Na mshenzi alikuwa mtu wa bara, yaani babu wa hao hao wauzao viazi Makambako, hata kama adabu yake ilikuwa kamili.

Maana hizo za kale zisingetufikia kama wasingalikuwako watu waliojitaabisha kukusanya maneno na kuyaandika. Mmoja wa wale wa mwanzo alikuwa Dakta Johann Ludwig Krapf, na yafaa wafanyakazi wayajue maisha yake.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipata elimu ya dini, na mwaka 1837 alitumwa Uhabeshi na chama cha misioni cha Waingereza. Huko alijifunza Kiamhari na Kioromo. Alipofungiwa mlango wa Uhabeshi, aligeuka kuja kwetu, akafika Unguja mwezi wa Januari 1844. Sayyid Said alimpokea vema, akampa barua ya kumtambulisha kwa wakuu wa pwani. Kisha akaenda kukaa Mombasa pamoja na mkewe, Rosine.

Msiba haukukawia. Mwezi wa Julai mwaka ule ule homa ilimwua Rosine, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Aliwazika ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, akabaki peke yake katika nchi ambayo lugha yake alikuwa ndiyo kwanza anajifunza. Watu wengi wangalirudi kwao. Yeye alirudia daftari lake la maneno.

Mwezi mmoja tu kabla ya msiba huo alikuwa ameanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mkristo na Mwislamu walikaa pamoja kulipima neno moja moja. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, hasa katika tenzi. Krapf alichagua kukiandika kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1846 alikuja mwenzake Johannes Rebmann, wakajenga kituo Rabai. Mwaka 1850 Krapf alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kingine chenye maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki.

Rebmann naye aliandika kamusi ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa, lile ziwa wanalolivua ndugu zetu wa Ludewa, bila ya kufika huko. Maneno yake aliyapata kwa mtu mmoja aliyeitwa Salimini, aliyetekwa katika nchi za Nyasa na kuuzwa utumwani hata akafika Mombasa. Mtu huyo alikuwa amenyang'anywa kila kitu ila lugha yake. Rebmann alipofariki mwaka 1876, Krapf aliitengeneza kamusi hiyo, ikapigwa chapa mwaka uliofuata.

Mwaka 1853 afya mbovu ilimrudisha Krapf kwao. Huko Korntal aliendelea na kamusi yake ya Kiswahili hata akafariki mwezi wa Novemba 1881. Kamusi ilitoka London mwaka 1882, mwenyewe hakuiona kitabuni.

Kazi yake ilikuwa na upungufu. Ilifuata zaidi lafudhi ya Mombasa, na mkutano wa mwaka 1928 ulipochagua msingi wa Kiswahili Sanifu, Kiunguja ndicho kilichoshinda. Lakini kwa mtu atakaye kujua watu wa pwani walisema nini wakati soko la watumwa lilipokuwa wazi, kitabu hicho ni hazina.

Waingereza wenyewe walijua faida ya kazi ya namna hii. Kamusi yao kubwa ya historia ya maneno ilianza kutoka kwa sehemu mwaka 1884, ikamalizika mwaka 1928. Ndani yake mtu atakuta kwamba neno 'villain', ambalo leo ni jina la mtu mwovu, zamani lilikuwa jina la mkulima aliyefungwa katika shamba la bwana wake. Wenye ardhi walimdharau mkulima, na dharau yao ikageuka kuwa maana ya neno. Je, si ndivyo lilivyotendewa jina la mtu wa bara?

Lakini maneno hupanda pia. Uhuru wa siku za Krapf ulikuwa wa mtumwa mmoja aliyeachwa na bwana wake. Mwaka 1961 neno hilo hilo lilibeba nchi nzima. Na uungwana, uliokuwa haki ya kuzaliwa, leo hupatikana kwa tabia, hata kwa mchuma chai wa Njombe na mpakia mizigo wa Makambako.

Mwaka 1981, miaka mia moja tangu Krapf afariki, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo inaeleza Kiswahili kwa Kiswahili. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini wako wazee wa Kibena, Kikinga na Kipangwa wenye majina ya miti, ya mvua na ya zana ambayo wajukuu wao hawayajui. Mgeni mwenye homa, aliyefiwa na mkewe na mtoto wake, aliweza kuketi na kuandika. Sisi wenye afya, tulio kwetu, tutatoa udhuru gani? Kila mwenye kalamu na amwendee mzee wake leo.