Ulugh Beg: Mfalme Aliyepima Mwendo wa Sayari

Wazee wetu wa Pwani walizijua sayari kwa majina yake: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Majina hayo yametufikia kutoka Kiarabu, pamoja na ilimu ya falaki. Lakini kila niwaulizapo vijana ni kina nani waliokaa wakazihesabu safari za nyota hizo, hunitajia Wazungu peke yao. Ndiyo sababu leo nataka kumsimulia Ulugh Beg wa Samarkand, mjukuu wa Timur, yule mshindi aliyeitetemesha Asia.

Jina lake hasa ni Muhammad Taraghay. Alizaliwa mwaka 1394 huko Soltaniyeh, katika nchi ya Uajemi, babu yake akiwa vitani. Ulugh Beg ni lakabu tu, na maana yake ni mtawala mkubwa. Mwaka 1409 baba yake, Shah Rukh, aliyekuwa na makao yake Herat, alimkabidhi mji wa Samarkand, naye ni kijana wa miaka 15. Babu alipenda kuteka miji. Mjukuu alipenda hesabu. Mwaka 1420 madrasa yake ilikuwa imekwisha kujengwa, na hata leo ingali imesimama. Humo aliwakusanya mabingwa kama Qadi Zada al-Rumi na Jamshid al-Kashi, na yeye mwenyewe akiketi nao kubishana juu ya hesabu.

Kisha akajenga nyumba ya kupimia nyota juu ya kilima nje ya mji. Ndani yake mlikuwa na tao kubwa la mawe, sehemu yake ikiwa imechimbwa ndani ya mwamba, na nusu kipenyo chake kilikuwa kama mita 40. Mwanga wa jua ulipenya tunduni na kuangukia tao hilo wakati wa adhuhuri. Kwa ukubwa ule, daraja moja ya mbingu ilichukua kama sentimita 70 juu ya jiwe, hata sehemu ndogo sana za daraja zikaweza kusomwa kwa macho, maana darubini ilikuwa bado haijabuniwa.

Je, mwendo wa sayari huhesabiwaje? Nahodha akitaka kujua mwendo wa jahazi lake kutoka Lamu hadi Mombasa, huugawanya urefu wa safari kwa saa alizosafiri. Mwanafalaki naye hupima mahali ilipo sayari usiku mmoja, akapima tena baada ya miaka mingi, akahesabu mizunguko iliyotimia, kisha akagawanya kwa muda uliopita. Kosa dogo la jicho likigawanywa kwa miaka mingi huwa si kitu. Ndiyo maana kazi hii yataka subira na vipimo vya waliotangulia.

Matokeo yake yalitiwa katika kitabu kiitwacho Zij-i Sultani, cha mwaka 1437, pamoja na orodha ya nyota zaidi ya 1,000. Kwa hesabu yao, Zohali huenda daraja 12 na dakika 13 kwa mwaka, Mushtari daraja 30 na dakika 20, na Mirihi daraja 191 na dakika 17. Chukua daraja 360 za duara, ugawanye kwa mwendo wa Zohali, utapata kama miaka 29 na nusu, na ndivyo tujuavyo leo. Mwaka wa nyota waliupata kuwa siku 365, saa 6, dakika 10 na sekunde 8. Wamezidisha kwa kiasi cha dakika moja tu!

Lakini aliyezijua njia za mbinguni hakuwa na bahati na njia za utawala. Shah Rukh alifariki mwaka 1447, na jamaa wakaanza kugombea kiti. Mwaka 1449 mwanawe mwenyewe, Abd al-Latif, alimpiga vita akamshinda. Mfalme akaacha enzi, akashika safari ya kwenda Hija. Hakufika mbali; alikatwa kichwa njiani kwa amri ya mwanawe. Naye mwana hakutawala ila miezi michache, akauawa mwaka 1450. Kaburi la Ulugh Beg lilipofunguliwa mwaka 1941, mifupa yake ilithibitisha namna alivyouawa.

Nikipiga hesabu, tangu nyumba ile ilipomalizika hadi mauti yake, Zohali haikuwahi kutimiza hata mzunguko mmoja. Jengo lenyewe likabomoka likafukiwa na udongo, hata mwaka 1908 Vyatkin, mchimbuaji wa mambo ya kale, alipolifichua kwa kufuata hati ya zamani ya ardhi. Lakini kitabu kilikuwa kimeokoka. Mwanafunzi wake, Ali Qushji, aliipeleka ilimu ile hadi Istanbul, na mwaka 1665 orodha ya nyota ikapigwa chapa Oxford.

Abd al-Latif alikitaka kiti, akakipata, na leo hatajwi ila kwa kumuua baba yake. Baba mtu tunamkumbuka kwa hesabu zake. Vijana wetu wanaosoma hesabu na huku wakiona hazina faida, nawashauri waitazame Zohali usiku mmoja na kuuliza nani aliyeipima safari yake.