Lewis Hine: Mwalimu Aliyefundisha kwa Kamera

Katika vyuo vya ualimu twazungumza mara nyingi juu ya zana za kufundishia, lakini ni nadra kutazama maisha ya mtu aliyeshika chombo kimoja kwa miaka mingi hata kikasaidia kubadili mawazo ya nchi yake. Mtu huyo ni Lewis Wickes Hine, mwalimu na mpiga picha wa Marekani. Maisha yake yafaa kusomwa na kila mwalimu mwanafunzi, hasa kwa kuwa siku moja huenda akatakiwa kupiga picha za wanafunzi wake.

Hine alizaliwa tarehe 26 Septemba 1874 katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Baba yake alifariki kwa ajali mwaka 1892, na kijana huyo akalazimika kutafuta kazi mapema. Katika kiwanda cha samani alifanya kazi saa 13 kwa siku, siku 6 kwa juma, kwa ujira wa dola 4 kwa juma. Kwa hiyo alipokuja kusimama mbele ya watoto wa viwandani, uchovu wao haukuwa jambo geni kwake.

Aliyemwelekeza kwenye ualimu ni Frank Manny wa chuo cha ualimu cha Oshkosh. Mwaka 1901 Hine alimfuata New York katika Ethical Culture School, akafundisha elimu ya viumbe na jiografia. Manny ndiye pia aliyemtaka ashike kamera ili aweke kumbukumbu za shughuli za shule. Hine hakuwa fundi wa picha. Alijifunza kazi hiyo huku akifundisha. Baadaye aliwafunza wanafunzi upigaji picha, na akaandika makala juu ya nafasi ya kamera shuleni. Aliwapeleka pia wanafunzi wake katika ukumbi wa maonyesho wa Alfred Stieglitz, ili watazame kazi za wengine. Mmoja wa wanafunzi hao, Paul Strand, alikuja kuwa miongoni mwa wapiga picha mashuhuri wa karne ya 20.

Mwaka 1904 Hine alianza kupiga picha za wahamiaji waliokuwa wakiwasili Ellis Island. Kumbi zilijaa watu, na wengi hawakujua Kiingereza. Alimchagua mtu mmoja au jamaa moja katika umati, akawaeleza kwa ishara, akaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, kisha akawasha unga wa magnesi. Mwanga ulimulika kwa nukta moja, na moshi mzito ukafuata. Hapakuwa na nafasi ya kujaribu mara kwa mara. Mahali pa kusimama, upande wa mwanga na vitu vya nyuma vilipaswa kuamuliwa kabla, kama vile mwalimu aandaavyo somo kabla ya kuingia darasani.

Mwaka 1908 aliacha kufundisha, akaajiriwa na Kamati ya Taifa ya Kazi za Watoto. Sensa ya mwaka 1900 ilikuwa imeonyesha kwamba zaidi ya watoto 1,700,000 wenye umri wa miaka 10 hadi 15 walikuwa wakifanya kazi nchini Marekani. Wenye viwanda hawakupenda kuchunguzwa. Mara nyingine Hine aliingia kwa kujifanya muuza Biblia au mkaguzi wa mitambo. Aliandika majina, umri na saa za kazi katika kijitabu alichokificha mfukoni. Alikuwa amepima umbali wa kila kifungo cha koti lake kutoka sakafuni, hivyo alijua kimo cha mtoto kwa kumsimamisha karibu naye. Alifahamu kwamba picha isiyo na maelezo ya kweli ingekanushwa upesi, na anayeumia ni mtoto aliyepigwa picha.

Sasa tutazame jinsi alivyozipanga picha hizo. Kwanza, aliishusha kamera hadi usawa wa macho ya mtoto. Mtoto anayepigwa picha kutoka juu huonekana mdogo na mnyonge. Anayetazamwa usawa kwa usawa huonekana mtu kamili. Pili, alitumia vitu vya nyuma kueleza maisha. Katika picha ya msichana wa kiwanda cha pamba huko Vermont, ya mwaka 1910, mtoto amesimama miguu mitupu, mkono ameuegemeza kwenye mashine, naye anatutazama moja kwa moja. Mashine yatuonyesha kazi yake, lakini haimfuniki. Tatu, alitumia mwanga uliokuwapo, na pale ulipopungua akauongeza. Katika picha za wavulana wa machimbo ya makaa ya mawe ya Pennsylvania, za mwaka 1911, nyuso zilizojaa vumbi jeusi zaonekana wazi, kila moja na sura yake. Hakuwafanya kuwa kundi lisilo na majina.

Picha hizo zilienezwa kwa magazeti, mabango na mihadhara. Mwaka 1916 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti kazi za watoto, lakini Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 1918. Ilikuwa lazima kungoja hadi mwaka 1938 ndipo sheria ya kudumu ilipopatikana. Hine mwenyewe hakunufaika. Ingawa mwaka 1930 na 1931 alipiga picha maarufu za wajenzi wa Empire State Building, kazi zilimpungukia, akapoteza nyumba yake, na akafa maskini tarehe 3 Novemba 1940. Zaidi ya picha 5,000 alizoipigia Kamati zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Mwalimu hana haja ya unga wa magnesi ili kufuata mfano huu. Amweke mwanafunzi karibu na dirisha au mlango, mwanga umjie kwa ubavu, wala asimkabilishe na jua kali la adhuhuri litakalomfanya afumbe macho na kutia kivuli chini ya paji la uso. Apige magoti ikibidi, ili kamera ilingane na macho ya mtoto. Aondoe nyuma yake vitu visivyo na maana, abakishe kile kinachoeleza: ubao, daftari, jembe la shamba la shule. Kisha aandike jina la mtoto kwa usahihi, pamoja na tarehe na mahali. Picha iliyopigwa kwa uangalifu humwambia mtoto kwamba yupo na kwamba ametambuliwa. Hilo ni sehemu ya kazi ya ualimu, nalo halikupotea mikononi mwa Hine hata baada ya kuliacha darasa.