Gordon na Kilima cha Fuvu

Baada ya mahubiri ya Yohana 19, kuna ndugu wanaojiandaa kwa safari ya Yerusalemu waliniuliza swali. Wamesikia ati huko wageni wanaonyeshwa Golgotha mbili. Sasa ile ya kweli ni gani? Wameweka akiba miaka mingi na hawataki kupiga magoti mahali sipo. Ni swali la haki. Nitalijibu kwa maisha ya mtu mmoja, kwa sababu hiyo Golgotha ya pili mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Charles George Gordon alizaliwa Woolwich, London, tarehe 28 Januari 1833, mtoto wa afisa wa jeshi. Naye akawa mhandisi wa jeshi. Alipigana vita vya Crimea, kisha China, akisaidia serikali ya mfalme dhidi ya waasi ambao kiongozi wao alidai kuwa mdogo wake Yesu. Huko alipata sifa kubwa na nishani ya dhahabu. Hiyo nishani aliifuta maandishi akaitoa kimyakimya iwasaidie maskini waliokuwa na njaa Uingereza.

Lakini mimi miaka yake ninayoipenda si ya vita. Kati ya 1865 na 1871 aliwekwa Gravesend, kando ya mto Thames, kusimamia ujenzi wa ngome. Kazi ya kawaida tu. Jioni nyumba yake ilijaa vijana wa mtaani, wachafu, wengine hawana mzazi. Aliwalisha, akawavisha, akawafundisha kusoma na Neno la Mungu, halafu akawatafutia kazi melini. Ukutani alikuwa na ramani ya dunia, na kila kijana aliyeenda baharini alikuwa na pini yake. Meli ikisonga, pini inasonga, na Gordon anaomba kwa jina. Aliwatembelea pia wagonjwa na wazee waliosahauliwa. Andiko alilolishika sana ni 1 Yohana 4:15, ya kwamba anayemkiri Yesu, Mungu hukaa ndani yake. Hilo kwake halikuwa fundisho la vitabuni, lilikuwa pumzi.

Mwaka 1874 alikuja upande wetu wa dunia kama gavana wa Misri kusini mwa Sudan. Aliahidiwa mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka, akakubali 2,000 pekee. Alipambana na wafanyabiashara wa watumwa kwenye Nile. Hata pwani yetu ilimjua kidogo: mwaka 1875 alimshauri mtawala wa Misri afungue njia ya kwenda kwenye maziwa makuu kutoka Mombasa au ghuba ya Ungwana. Meli za Misri zilishika Barawa na Kismayu, Sultani Barghash akalalamika kwa Waingereza, zikaondoka. Hapo tusimpambe. Alikuwa mtumishi wa watawala waliogawana nchi za watu.

Mwaka 1883, bila kazi yoyote, akaenda Yerusalemu karibu mwaka mzima, na Biblia na ramani mkononi. Akatazama kile kilima kilicho nje ya Lango la Dameski, chenye mashimo mwambani kama macho ya fuvu. Mjerumani Otto Thenius alikuwa amekitaja tangu 1842, lakini Gordon alikuwa maarufu, na dunia ikamsikiliza yeye. Hoja yake ilitoka Walawi 1:11. Sadaka ya kuteketezwa ilichinjwa upande wa kaskazini wa madhabahu, kwa hiyo Mwana-Kondoo naye, alisema, lazima alichinjwa kaskazini. Akaona pia kwenye ramani kwamba Yerusalemu umelala kama mwili wa mtu, na kile kilima ndicho kichwa.

Sasa hapa niseme wazi kama mchungaji wenu. Ushahidi unaegemea Golgotha ile ya zamani, penye kanisa lililowekwa wakfu mwaka 335 wakati wa Kaisari Konstantino. Watu husema haiwezekani, mbona liko ndani ya kuta? Lakini kuta mnazoziona leo zilijengwa na Waturuki miaka ya 1500. Wachimbuzi wameonyesha kwamba siku za Yesu mahali hapo palikuwa nje ya mji, machimbo ya mawe yenye makaburi. Nalo kaburi la bustanini, karibu na kilima cha Gordon, wataalamu wanasema lilichongwa siku za wafalme wa Yuda, karne nyingi kabla. Yohana 19:41 inasema kaburi jipya. Nendeni kote kuwili, hakuna dhambi, lakini mjue hivyo.

Lakini Gordon alikosa kilima tu, maana ya Golgotha hakuikosa. Someni Waebrania 13:11 hadi 13. Mizoga ya wanyama wa sadaka ya dhambi ilichomwa nje ya kambi, na Yesu naye aliteswa nje ya lango. Golgotha ilikuwa kando ya barabara, karibu na mji, ndiyo maana wapita njia waliweza kusoma lile tangazo la Pilato. Ni pale mji unapomweka mtu usiyemtaka ili kila mmoja amwone akiaibika. Na mwandishi hasemi twende tukapapime. Anasema tumtokee Yesu huko, tukiichukua aibu yake. Miaka kumi na zaidi kabla ya kuiona Yerusalemu, kule Gravesend, Gordon alikuwa ameshatoka nje ya lango.

Mwanzoni mwa 1884 Uingereza ilimtuma Khartoum kuwaondoa watu mbele ya jeshi la Mahdi. Alifika tarehe 18 Februari. Huko alitangaza pia kwamba serikali haitaingilia wenye watumwa, na hilo linauma kwa mtu aliyepigana nao miaka yote ile. Aliwatoa wanawake, watoto na wagonjwa wengi, kisha mji ukazingirwa. Angeweza kuondoka kwa meli. Alikataa kuwaacha wenyeji, hata kama wakubwa wake London waliona ni ukaidi. Alfajiri ya 26 Januari 1885 mji ulianguka, akauawa, kichwa chake kikapelekwa kambini kwa Mahdi. Meli za msaada zilifika tarehe 28, siku ambayo angetimiza miaka 52.

Kaburi lake halijulikani. Mwaka 1894 Wakristo wa Uingereza waliinunua ile bustani kando ya kilima chake. Leo chini ya mwamba kuna stesheni ya mabasi, juu yake makaburi ya Waislamu, na bustanini watu wa kila lugha wanashiriki meza ya Bwana.