Alois Alzheimer: Daktari Aliyetusaidia Kutofautisha Demensia na Alzheimer

Ukimpeleka mzazi wako kliniki kwa sababu ya kusahau, huenda ukasikia maneno mawili: demensia na Alzheimer. Watu wengi huyachanganya. Maisha ya daktari mwenye jina hilo yatakusaidia kuyatenganisha.

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 Juni 1864 katika mji mdogo wa Marktbreit, Ujerumani. Mwaka 1888 alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Huko yeye na wenzake walipunguza desturi ya kuwafunga wagonjwa, wakawahudumia kwa upole zaidi. Baada ya kuhudumia wodi, aliketi kwenye darubini kuchunguza ubongo wa waliofariki.

Hali moja, magonjwa mengi

Darubini ilimwonyesha kwamba wagonjwa waliofanana kwa nje hawakuwa na ugonjwa mmoja. Wapo ambao mishipa ya damu ya ubongo ilikuwa imekakamaa. Wapo ambao ubongo wao uliharibiwa na kaswende.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Demensia ni jina la hali: kumbukumbu, kufikiri na tabia hudhoofika mpaka mtu anashindwa shughuli zake za kila siku. Ifananishe na homa. Ukisema mtoto ana homa, bado hujajua kama ni malaria au taifodi.

Mgonjwa wa miaka 51

Mwaka 1901 Alzheimer alifiwa na mkewe Cecilie, akabaki na watoto watatu wadogo. Novemba mwaka huohuo alianza kumchunguza mama mmoja wa miaka 51, Auguste Deter. Mama huyu alikuwa akimshuku mumewe, akificha vitu ovyo na kushindwa kazi za nyumbani. Alipoambiwa aandike jina lake, hakuweza kulimaliza.

Alzheimer alihama Frankfurt mwaka 1903, lakini hakumsahau. Auguste alipofariki Aprili 1906, ubongo wake ulipelekwa kwake Munich. Aliukuta umesinyaa, una mabaka kati ya seli, na ndani ya seli mna nyuzi zilizosokotana. Tarehe 3 Novemba 1906 aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen, nao hawakuonyesha kuvutiwa. Mwaka 1910 mkuu wake, Emil Kraepelin, aliuandika katika kitabu chake kama ugonjwa wa Alzheimer.

Alzheimer alifariki tarehe 19 Desemba 1915 akiwa na miaka 51, akazikwa Frankfurt karibu na mkewe. Wakati ule ugonjwa huo ulidhaniwa kuwa wa nadra. Leo tunajua ndio chanzo kikubwa zaidi cha demensia, na huwapata zaidi wazee.

Hii ina maana gani kwako?

Alzheimer ni mojawapo ya magonjwa yanayoleta demensia, lakini si kila mwenye demensia ana Alzheimer. Kwa hiyo usiishie kuambiwa mzazi wako ana demensia. Muulize daktari imesababishwa na nini, kwa sababu jibu hubadilisha huduma:

- Ikitokana na mishipa ya damu au kiharusi, kudhibiti presha na kisukari husaidia kuzuia madhara zaidi.
- Kusahau kunakotokana na upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona au baadhi ya dawa kunaweza kupungua chanzo kikitibiwa.
- Alzheimer bado haina dawa ya kuiponya, ila zipo dawa zinazoweza kupunguza dalili kwa muda. Utaratibu uleule wa kila siku na mazungumzo ya upole humtuliza mgonjwa.

Mzazi akianza kukushuku au kuficha vitu, usiharakishe kusema ni uzee, ukaidi au amerogwa. Andika unachokiona na siku kilipoanza, kisha umpeleke kituo cha afya ukiwa na daftari lako. Alzheimer naye alianza hivyo: alikaa na mgonjwa, akamsikiliza, akaandika.