Alexandre Yersin, daktari aliyemchunguza panya

Alexandre Yersin alizaliwa Aubonne, Uswisi, mwaka 1863, wiki chache baada ya baba yake kufariki. Hakuwa Mkatoliki, lakini padre mmoja na mseminari mmoja wamo katika habari zake, nasi tungependa wasisahauliwe. Alisomea udaktari, akafanya kazi maabara ya Pasteur mjini Paris, kisha akaichoka, akawa daktari wa meli huko Asia.

Juni 1894 alifika Hong Kong, ambako tauni ilikuwa ikiua watu kila siku. Kitasato, Mjapani, alikuwa ametangulia, na ndiye aliyepewa maiti za kuchunguza. Yersin alinyimwa. Akajengewa kibanda cha mianzi na majani karibu na hospitali, na kwa msaada wa Padre Vigano, mmisionari Mwitaliano, akawapa fedha mabaharia Waingereza waliosimamia maziko, ili wamwache dakika chache na maiti apate kukata mtoki. Hapa tunasita kidogo. Wale marehemu walikuwa Wachina maskini, na hatusomi popote kwamba jamaa zao waliulizwa. Matunda ya kazi ile ni makubwa, lakini hongo ni hongo, hata padre akiwa katikati.

Katika usaha wa mtoki aliona vijidudu vya tauni, ambavyo leo vina jina lake. Halafu akafanya jambo ambalo wengi hawakulijali: aliokota panya waliokuwa wakifa ovyo majumbani na vichochoroni, akawapasua, akakuta vijidudu vilevile. Kwamba kiroboto ndiye anayevihamisha, aligundua Simond huko Karachi mwaka 1898. Wasomaji wetu wa Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980, hawahitaji kuelezwa maana ya panya kufa nyumbani.

Mwaka 1896 Yersin alikwenda Canton na dawa iliyotokana na damu ya farasi, ambayo hakuna mgonjwa aliyekuwa ameponywa nayo. Safari hii hakujificha. Katika misioni ya Kikatoliki mseminari Mchina wa miaka 18 alikuwa mahututi, na Askofu Chausse akakubali adungwe sindano. Kijana akapona. Huko Amoy Yersin akatibu wagonjwa 23, wakafa wawili tu.

Aliishi miaka mingi Nha Trang, Vietnam, jirani na wavuvi, akafariki hapo mwaka 1943. Wenyeji bado huchoma ubani kwenye kaburi lake.